Simbilisi wa Familia: Makao Kwanza, Mnyama Baadaye

Kwa watu wa Iringa, Njombe na Mbeya, simbilisi si mgeni. Ni mnyama wa jikoni. Anaishi nyuma ya mafiga na chini ya uchaga wa kuni, anakula majani ya mahindi yanayotupwa kwenye kona, na mtu akiingia na kitita cha nyasi mkononi, kundi zima linapiga miluzi kwa pamoja. Mara nyingi wenye mali ni watoto. Wao ndio wakata majani, na wao ndio wanaojua nani kazaa na nani yu karibu kuzaa. Mwisho wa safari ni sufuria, na hakuna anayeshangaa. Wenyeji wa milima ya Andes kule Peru na Bolivia, ambako mnyama huyu alianza kufugwa maelfu ya miaka iliyopita, nao wamemlea jikoni vivyo hivyo.

Siku hizi simbilisi wanafika mjini kwa shughuli nyingine kabisa: wanakuja kukaa na familia, kupendwa na watoto, kupewa majina. Ni jambo zuri. Simbilisi hang'ati ovyo, habweki, hahitaji uwanja mkubwa, na akikuzoea anakutambua kwa sauti ya hatua zako. Lakini wengi wanafikishwa nyumbani ndani ya vizimba vya waya vyenye ukubwa wa kreti la soda, na humo humo ndimo wanamobaki. Mnyama anakaa kimya pembeni, watoto wanachoka naye, na baada ya miezi michache anakufa bila mtu kujua kilichomuua.

Lile jiko la kijijini, pamoja na moshi wake wote, lilimpa simbilisi mambo manne ambayo kizimba cha kreti kinamnyima: sakafu ya kukimbilia, majani muda wote, wenzake, na pembe za giza za kujificha. Anayetaka kumfuga vizuri nyumbani arudishe hayo manne, kisha aondoe moshi, uchafu na uzazi usio na mpango. Mengine yote yanatokana na hapo.

Kizimba

Jenga kabla ya kununua. Usimlete simbilisi ukiwa na wazo kwamba atakaa kwenye boksi siku mbili tatu wakati fundi anamalizia kazi, maana siku mbili tatu za fundi tunazijua.

Simbilisi wawili wanahitaji eneo la sakafu lisilopungua mita 1 ya mraba, na ukiweza kuongeza, ongeza. Kinachohesabika ni sakafu, wala si urefu wa kwenda juu. Huyu si mnyama wa kupanda wala kuning'inia. Ni mnyama wa kukimbia chini kwa chini, kukata kona na kuingia shimoni. Kizimba cha ghorofa tatu chenye sakafu finyu kinapendeza macho yetu sisi, yeye hakimsaidii.

Njia rahisi ni karatasi moja ya plaiwudi ya kawaida, ile ya futi 8 kwa 4. Mwambie seremala aikate katikati upate vipande viwili vya futi 4 kwa 4. Kimoja ndiyo sakafu, karibu mita 1 na nusu ya mraba. Cha pili akipasue katika mbao nne za futi 1 kila moja, na hizo ndizo kuta zako. Hakuna kinachobaki zaidi ya vumbi la msumeno. Ukuta wa futi 1 unatosha kumzuia simbilisi mzima asitoke. Kama nyumbani kuna paka, au kuna mtoto mdogo anayependa kutumbukiza vitu, tengeneza mfuniko wa fremu nyepesi yenye wavu, wenye bawaba upande mmoja.

Mkojo wa simbilisi ni mwingi kuliko unavyotarajia, na plaiwudi inaunyonya. Ndani ya wiki chache itavimba, itanuka, na harufu ile kali ni ammonia ambayo inachoma mapafu yao kabla haijakukera wewe. Tandika kapeti la plastiki sakafuni, likunje lipande ukutani sentimita 10 hivi kila upande, na ukingo wake uubane kwa mbao nyembamba, maana wataanza kuutafuna siku ya kwanza. Juu yake weka magazeti, kisha maranda, kisha nyasi kavu. Wengine hutumia blanketi za mtumba za manyoya laini zilizotandikwa juu ya taulo kuukuu. Mkojo unapita blanketi na kunywewa na taulo, miguu inabaki mikavu. Hizo unazikung'uta kila siku na kuzifua mara mbili kwa wiki, bila vile vimiminika vya kulainisha nguo.

Kuhusu maranda, muulize seremala ni ya mti gani. Maranda ya mbao zilizowekwa dawa ya mchwa hayafai kabisa. Maranda ya mwerezi hayafai pia, na ya paini, ambayo ndiyo mengi sokoni kwa kuwa mbao nyingi zinatoka misitu ya Sao Hill, yasitumike yakiwa mabichi na yananukia utomvu. Yaanike juani siku kadhaa mpaka harufu iishe. Vumbi la msumeno liachie wengine, linawaingia puani na machoni.

Sasa, jambo moja ambalo wafugaji wa sungura hulikosea wanapohamia kwa simbilisi: sakafu ya waya. Kwenye banda la sungura waya unasaidia kinyesi kudondoka chini, na wengine wanaona ni usafi. Nyayo za simbilisi hazina manyoya. Akisimama kwenye waya usiku na mchana, nyayo zinachubuka, zinavimba, kidonda kinaingia usaha, na vidonda vya namna hiyo huchukua miezi kupona, kama vitapona. Vidole navyo hunasa. Sakafu iwe tambarare na laini, basi.

Pa kukiweka

Huyu ni mnyama wa milima ya baridi kavu. Ndiyo sababu alistawi Nyanda za Juu Kusini. Joto linalomfaa ni nyuzi 18 hadi 24, na likivuka 28 huku hewa ikiwa nzito, yuko hatarini, maana hatoki jasho. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mtwara ana kazi kubwa kuliko mtu wa Makambako. Kati ya Desemba na Machi veranda yenye paa la bati inageuka tanuri saa saba mchana. Kizimba kikae ndani, chumba chenye dirisha pande mbili, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Feni ipulize chumba, isiwapulize wao moja kwa moja. Weka kigae kimoja au viwili vya sakafuni ndani ya kizimba wakalale juu yake, na siku za joto kali gandisha maji kwenye chupa ya lita moja na nusu, izungushie kitambaa, waache waegemee wenyewe.

Dalili za joto kumzidi ni hizi: amelala kifudifudi amejinyoosha, anahema haraka, anatoka mate, akisimama anayumba. Mpeleke kivulini mara moja, mlowanishe masikio na miguu kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, mpe maji anywe, kisha mtafute daktari. Maji ya barafu usimmwagie, mshtuko wake unaweza kumuua.

Wa Njombe na Mafinga shida yao ni Juni na Julai. Huko ongeza nyasi kavu mpaka waweze kuzama ndani yake, inua kizimba kitoke kwenye saruji, na ziba upepo. Usiwarudishe jikoni kwenye kuni, wala usiwashe jiko la mkaa chumbani kwa ajili yao. Hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua watu, seuze mnyama wa nusu kilo.

Ukilazimika kuwaweka nje, banda liwe na miguu mirefu, paa lisilovuja, na wavu wenye matundu ya sentimita 1 au pungufu. Wavu wa kuku hauzuii nyoka mdogo wala panya, na panya huua watoto wa simbilisi. Kicheche na paka shume nao wanajua kazi yao. Lakini adui ninayemwogopa kuliko wote ni siafu. Wakipita usiku, simbilisi aliyefungiwa hana pa kukimbilia, na asubuhi unakuta mifupa. Kila mguu wa banda usimame ndani ya kopo lenye maji yaliyochanganywa na mafuta machafu ya gari, na hakikisha hakuna tawi wala kamba inayogusa banda ikawa daraja. Kwa maoni yangu, usiku waingie ndani, hata kama mchana wanashinda nje.

Pembe za giza

Simbilisi ameumbwa kuliwa. Hana kucha za kupigania wala mbio za kumfikisha mbali, kinga yake ni kuwahi shimo. Ukimnyima pa kujificha, mwili wake unakaa na hofu muda wote, na mnyama mwenye hofu muda wote hali vizuri na huugua. Baadhi ya watu huondoa vibanda ili watoto wamwone mnyama wao. Matokeo yake huwa kinyume: asiye na pa kukimbilia hathubutu kutembea. Mwenye shimo la kuaminika ndiye anayezurura katikati ya uwanja kwa raha zake.

Kila simbilisi awe na kibanda chake, na kiongezeke kimoja cha ziada. Kila kibanda kiwe na milango miwili, kwa sababu mkubwa akimfuata mdogo ndani, mdogo lazima apate pa kutokea. Boksi la karatasi lililotobolewa pande mbili linatosha, likilowa unalitupa. Bomba la plastiki la inchi 6 wanalipenda sana. La inchi 4 lisitumike, simbilisi aliyenenepa hukwama.

Wawili, na wote muwajue

Simbilisi mmoja peke yake ni mnyama mpweke, haidhuru watoto wanampenda kiasi gani, maana watoto wanakwenda shule saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni. Uswisi, kwa kanuni zake za ulinzi wa wanyama za 2008, ilipiga marufuku kumfuga mmoja mmoja. Sisi hatuna sheria hiyo, ila tuna macho: tazama walio wawili wanavyolala wamegusana, halafu tazama aliye peke yake anavyokodolea ukuta.

Sungura si mwenzake. Teke moja la sungura linamvunja mgongo, na sungura anaweza kubeba bakteria wa mapafu asiugue yeye, akamwambukiza simbilisi nimonia.

Mpango mwepesi kuliko yote ni majike wawili. Ndugu wawili madume walioishi pamoja tangu utotoni nao huelewana mara nyingi, mradi nafasi ni kubwa na hakuna jike karibu. Dume na jike bila kuhasiwa ni mradi wa uzazi, na mahesabu yake yako hivi: jike anaweza kushika mimba akiwa na wiki 4 tu, hubeba kwa siku 59 hadi 72, huzaa watoto 2 hadi 4 kwa kawaida, na saa chache baada ya kuzaa yu tayari kupandwa tena. Hiyo ni mizao minne hata mitano kwa mwaka. Watoto wa kiume wanatakiwa kutengwa na mama na dada zao wakifika wiki 3. Familia nyingi hulijua hilo wakati idadi imeshafika kumi na tano na hakuna tena jirani wa kumgawia.

Na usichukue jike mzima ambaye hajawahi kuzaa ukampeleka kwa dume. Akifikisha miezi 7 au 8 bila kuzaa, kiungo cha mifupa ya nyonga hukaza, na uzazi wa kwanza baada ya hapo unaweza kumuua yeye na watoto.

Muuzaji akikuambia wote ni majike, hakiki mwenyewe. Mpakate chali kidogo, atazamwe sehemu za siri: jike ana umbo la herufi Y, dume ana kitundu cha mviringo, na ukibonyeza taratibu juu yake uume unachomoza. Wakati huohuo angalia macho yawe maangavu, pua kavu, nyuma pasafi, manyoya yasiwe na vipara. Mweke sikioni usikilize anavyohema. Simbilisi mzima hutamsikia akikoroma wala kutoa mlio kifuani. Jike wa sokoni aliyekaa na madume mchukulie kuwa ana mimba hadi siku 72 zipite.

Chakula

Hapa ndipo wengi wanapowapoteza. Meno ya simbilisi hayaachi kukua maisha yake yote, na dawa yake ni kutafuna nyasi kutwa. Tumbo lake nalo limeundwa kusaga nyasi bila kukoma. Nyasi zisikosekane, saa yoyote ya mchana au usiku. Ukiamka usiku ukakuta hori tupu, wamelala njaa.

Mjini nyasi kavu hupatikana kwa marobota kwa watu wanaowauzia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Omba nyasi za Rhodes, chagua robota lenye rangi ya kijani bado na harufu ya shamba. Likiwa na ukungu au vumbi jeusi ndani, liache. Robota moja la ng'ombe linawashibisha simbilisi wawili kwa muda mrefu, hivyo hakuna kisingizio cha gharama. Nyasi mbichi nazo ni nzuri sana: majani ya tembo machanga, majani ya mahindi, ukoka, kishona nguo kabla hakijatoa miba. Wazoeshe kidogo kidogo, na majani yasiwe yamelowa umande na kurundikwa hadi yakapata joto, maana hayo huvimbisha tumbo. Usikate kandokando ya barabara kuu wala karibu na bustani iliyopulizwa dawa.

Kisha kuna vitamini C. Mwili wa simbilisi, kama wetu, hauwezi kuitengeneza. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, na asipoipata ndani ya wiki chache anaanza kuchechemea, viungo vinavimba, fizi zinavuja damu, manyoya yanasimama ovyo, anakataa kula. Watu husema simbilisi kapooza. Hajapooza, ana njaa ya vitamini.

Kwetu tiba hii ni ya bei ya genge. Kipande cha pilipili hoho chenye upana wa vidole viwili kila siku kinamtosha mmoja. Hoho ni bora kwa sababu haina sukari nyingi wala haichafui tumbo. Pera lina vitamini C zaidi ya mara tatu ya chungwa kwa uzito uleule, lakini lina sukari, kwa hiyo kipande kidogo mara mbili kwa wiki kinatosha. Matembele anayapenda, mpe. Mchicha usiwe wa kila siku, madini yake huchangia mawe kwenye kibofu. Kabichi kidogo tu, inaleta gesi. Vidonge vya vitamini vya kuyeyusha kwenye maji ni kupoteza fedha: vitamini inaharibika majini kwa haraka, na maji yakibadilika ladha hawanywi.

Vitu vya kumnyima bila huruma: parachichi lenyewe na majani yake, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, viazi vilivyoota au vyenye ukijani, vitunguu vya aina zote, majani mabichi ya mihogo, maharage makavu, mkate, ugali, biskuti. Pumba za mahindi zinamnenepesha bila kumjenga. Chakula cha kuku kisimguse, kimechanganywa kwa ajili ya ndege na baadhi kina dawa zinazoweza kumdhuru. Chakula cha sungura cha punje si sumu kikiwa hakina dawa, ila hakina vitamini C, kwa hiyo kisichukue nafasi ya hoho.

Maji safi kila siku. Chupa yenye mdomo wa chuma na gololi inazuia uchafu, lakini igonge kila asubuhi uone kama maji yanatoka, gololi hukwama. Bakuli zito la udongo linafaa vilevile ukikubali kulibadilisha mara mbili tatu kwa siku. Usishtuke ukimwona anainama kula kinyesi chake laini. Ndivyo anavyopata virutubisho vilivyompita mara ya kwanza.

Siku za mwanzo

Wasafirishe wote wawili katika boksi moja lenye matundu, nyasi za kutosha na kipande cha tango kwa ajili ya kiu. Ukiwatoa kwa mfugaji, omba konzi mbili za nyasi walizolalia uchanganye na za kwenye kizimba kipya, ili pua zao zikute kitu wanachokijua. Ulizia pia walikuwa wanakula nini, na uendelee na hicho hicho wiki ya kwanza huku ukiingiza vyako polepole.

Wafungulie boksi ndani ya kizimba, watoke wenyewe. Watakimbilia vibanda na hutawaona. Hapo ndipo wazazi wana kazi, maana watoto wamesubiri wiki nzima na wanataka kushika. Waambieni mapema, kabla ya siku hiyo: siku tatu za kwanza hakuna kushika, hakuna kuinua kibanda kuchungulia, televisheni na redio ziwe chini. Funika nusu ya kizimba kwa khanga. Kuogesha ni mwiko, hata kama wananuka jiko la walikotoka.

Katika siku hizo kagua vitu viwili tu: nyasi zinapungua, na kinyesi kipo, kigumu kiasi, chenye umbo la punje ndefu. Hivyo viwili vikiwepo, wanaendelea vizuri japo hujawaona pua. Visipokuwepo kwa nusu siku, ni dharura. Tumbo la simbilisi likisimama halianzi tena lenyewe kwa urahisi.

Baada ya hapo anza na jani refu la mahindi. Mtoto akae chini kwenye mkeka, kando ya kizimba, mkono wake utulie juu ya ukingo, naye ashike jani kwa ncha ili ncha nyingine ifike mlangoni mwa kibanda. Pua itatoka kwanza, itanusa, itarudi. Kisha meno yatakamata na kuvuta. Asivutane naye, aliachie. Kesho yake alishike karibu zaidi kidogo, na siku inayofuata karibu zaidi, mpaka siku ambayo jani ni fupi na simbilisi analila akiwa ameweka miguu ya mbele juu ya vidole vya mtoto. Kwa wengine ni wiki moja, kwa wengine ni mwezi. Ongea naye kwa sauti ileile kila unapoleta chakula, ndiyo atakayoipigia mluzi baadaye.

Kumbeba kuna utaratibu. Usimnyakue kutoka juu, hivyo ndivyo mwewe anavyofanya na yeye anajua. Mkono mmoja upite chini ya kifua kutokea ubavuni, wa pili ubebe makalio, kisha mlete kifuani kwako. Watoto wote wampakate wakiwa wamekaa chini sakafuni, si kwenye kochi, wala si wamesimama. Akianguka kutoka urefu wa kochi anaweza kuvunjika meno au uti wa mgongo. Mtoto wa chini ya miaka 5 amlishe na kumgusa mgongoni, kubeba kumsubiri. Na mikono ioshwe kabla na baada. Simbilisi anaweza kuwa na fangasi inayoambukiza watoto, mapunye hasa.

Jifunzeni sauti zao. Mluzi mrefu ni chakula. Kukoroma kwa chini akipapaswa ni raha, lakini dume akikoroma huku anatikisa makalio anatongoza au anataka ukubwa. Meno yakigongana ni onyo, waache. Ukimwona anaruka ghafla hewani na kujipinda kisha anakimbia, hajapata wazimu. Amefurahi, na hiyo ndiyo ishara kwamba amekubali nyumba.

Afya, na dawa isiyofaa

Nunua mzani wa jikoni, mpime kila mmoja mara moja kwa wiki, andika kwenye daftari. Hii ni kazi nzuri ya mtoto wa darasa la tatu au la nne. Simbilisi huficha ugonjwa kwa ustadi mkubwa, lakini uzito hauwezi kufichwa. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito, usisubiri dalili nyingine.

Maafisa mifugo wengi wamezoea ng'ombe na kuku. Kabla hujahitaji msaada, ulizia ni daktari gani wa mifugo karibu nawe aliyewahi kutibu simbilisi au sungura. Walio karibu na Morogoro wana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Na yeyote utakayempata, mkumbushe jambo hili: amoxicillin, ampicillin na penicillin ya kumeza ni hatari kubwa kwa simbilisi. Dawa hizi zinaua bakteria wema wa tumboni, wabaya wanashika nafasi na kutoa sumu, na mnyama hufa ndani ya siku chache kwa dawa, si kwa ugonjwa. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu karibu kila nyumba ina amoxicillin iliyobaki kwenye droo, na mzazi mwenye huruma anapoona simbilisi anakohoa, mkono wake unakwenda pale.

Akijikuna mpaka kutoka damu, mara nyingi ni utitiri. Huo una dawa na unapona, lakini kipimo chake ni cha daktari, kwa uzito.

Nani atafanya nini

Simbilisi aliyetunzwa huishi miaka 5 hadi 8. Mtoto wa darasa la pili anayemwomba leo anaweza kuwa kidato cha pili wakati anamzika. Shauku ya mtoto itapanda na kushuka, kwa hiyo mwenye mnyama halisi ni mtu mzima wa nyumba, na mtu huyo asiwe dada wa kazi kwa kudhaniwa tu. Kama ndiye atakayebadilisha maranda, akubali mwenyewe, aoneshwe, na ihesabiwe kuwa ni kazi. Watoto wapewe zamu za nyasi, maji na hoho, mkubwa akague jioni.

Desemba ikifika na familia inajiandaa kwenda nyumbani, simbilisi wasiachwe na rundo la chakula kwa wiki nzima. Tafuteni jirani mapema, mwonesheni wakati mngali hapo, na mwachieni karatasi ukutani: nyasi asubuhi na jioni, maji mapya, kipande cha hoho kwa kila mmoja, namba ya daktari, na mstari mmoja wa mwisho ulioandikwa kwa herufi kubwa: USIWAPE AMOXICILLIN.